Kurudisha nafasi ya tovuti kwenye Google baada ya kupandikizwa viungo taka

Ukitafuta jina la tovuti yako kwenye Google unakuta kurasa usizozijua: dawa za nguvu za kiume, kamari, mikoba ya chapa bandia, na pengine vichwa vya habari vya Kijapani. Ukiifungua tovuti yenyewe, kila kitu kiko kama ulivyokiacha. Wageni wanapungua siku hadi siku, na maneno yaliyokuwa yakikuweka ukurasa wa kwanza sasa hayakuonyeshi popote. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya udukuzi wa viungo taka. Mdukuzi hakukusudia kuiangusha tovuti yako. Alitaka imani ambayo Google ilikuwa nayo kwako, aitumie kubebea kurasa na viungo vya wateja wake.

Mwongozo huu ni wa mwenye tovuti au fundi wake. Mifano mingi ni ya WordPress, kwa kuwa hakuna mfumo mwingine unaoendesha tovuti nyingi kama huo, lakini mpangilio wa kazi ni uleule kwa Joomla, Drupal au PHP uliyoandika mwenyewe.

Na mpangilio ndio wenye uzito. Watu wakishtuka hukimbilia Google: wanaomba kurasa zifichwe, wanapakia orodha ya kukana viungo (ya kuiambia Google isihesabu viungo fulani vinavyoingia kwako), wanatuma maombi ya kukaguliwa upya. Yote hayo yana wakati wake, na wakati huo ni mwishoni. Nafasi zinarudi pale roboti ya Google inapopita na kukuta tovuti safi, kisha ikapita tena na kukuta bado ni safi. Ukiomba msamaha huku mlango wa nyuma, yaani njia ya siri aliyoiacha mdukuzi, uko wazi, kurasa taka zitazaliwa upya kabla ombi halijasomwa. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye seva.

Hatua ya 1: Itazame tovuti kwa macho ya Google

Usikiamini kivinjari chako. Msimbo wa mdukuzi hutazama kwanza ni nani anayebisha hodi. Akiwa msimamizi wa tovuti, humwonyesha ukurasa wa kawaida. Akiwa Googlebot, yaani roboti ya Google, humpa ukurasa uliojaa viungo. Akiwa mgeni aliyebofya matokeo ya utafutaji, humrusha kwenye duka lisilojulikana. Ndiyo maana mwenye tovuti huwa mtu wa mwisho kupata habari.

Andika hivi kwenye Google, ukiweka jina la tovuti yako:

`site:example.com`

Pitia matokeo mpaka kurasa za mbali, usiishie ya kwanza. Kisha ongeza maneno wanayopenda wadukuzi: casino, viagra, replica. Nakili anwani zote za ajabu unazoziona na utafute mfanano wake. Mara nyingi zinakaa chini ya folda moja, au zina alama ya kuuliza inayofuatwa na namba ndefu. Orodha hiyo itakufaa hatua ya 5.

Kisha ingia Google Search Console, zana ya Google kwa ajili ya wenye tovuti. Kama hujawahi kuithibitisha tovuti yako huko, fanya leo. Angalia ripoti ya Security issues, ambako Google huandika kama imeona udukuzi, na ripoti ya Manual actions, ambako huandikwa adhabu iliyotolewa na mkaguzi binadamu. Ripoti hizo mbili zinaweza kuwa tupu na bado ukawa umedukuliwa; mifumo ya Google inaweza kukushusha yenyewe bila kukuandikia chochote. Kwa hiyo fungua pia ripoti ya utendaji uone watu wanakupata kwa maneno gani. Tovuti ya shule inayopatikana kwa majina ya dawa imeshajieleza.

Kama unaweza kutumia terminali, jaribio hili linatoa jibu la haraka:

`curl -s https://example.com/ > kawaida.html`
`curl -s -A "Mozilla/5.0 (compatible; Googlebot/2.1; +http://www.google.com/bot.html)" https://example.com/ > google.html`
`diff kawaida.html google.html`

Amri ya pili inajitambulisha kama Googlebot. Tofauti ndogondogo, kama tarehe au namba zinazobadilika kila ukurasa unapofunguka, zisikutie hofu. Unachotafuta kinafanana na hiki:

`<div style="position:absolute;left:-9999px"><a href="...">`

Hicho ni kisanduku kilichosukumwa nje ya skrini, pikseli elfu kumi kasoro moja kushoto. Mtu hawezi kukiona, lakini roboti inasoma kila kiungo kilichomo. Wengine hutumia `display:none`, wengine maandishi meupe juu ya rangi nyeupe.

Jaribu pia kujifanya mgeni aliyetoka kwenye utafutaji:

`curl -sI -e "https://www.google.com/" https://example.com/`

Ukiona mstari wa `location` unaoelekeza tovuti usiyoijua, umeupata mtego. Usipoona kitu, usishangilie bado. Wadukuzi makini hukagua anwani ya IP, kwa hiyo curl yako haiwadanganyi. Hapo tegemea zana ya URL Inspection ndani ya Search Console: weka anwani ya ukurasa, endesha jaribio la moja kwa moja, kisha soma HTML iliyopokelewa. Ombi hilo linatoka kwenye mitambo ya Google yenyewe.

Hatua ya 2: Funga milango kabla ya kufagia

Chukua nakala kamili ya faili na hifadhidata kama zilivyo, uchafu na yote, na uiweke nje ya seva. Huo ni ushahidi, na pia ni kinga ukifuta kisichopaswa kufutwa.

Kagua kompyuta unayofanyia kazi kama ina programu hasidi, halafu badilisha nywila zote: paneli ya hostingi, SFTP, hifadhidata, wasimamizi wa WordPress, na barua pepe inayopokea ujumbe wa kubadilisha nywila. Badilisha pia funguo za siri, yaani zile mistari ya `AUTH_KEY` na wenzake ndani ya `wp-config.php`. Ukizibadilisha, kila aliyekuwa ameingia anatolewa papo hapo, mdukuzi akiwemo. Nywila mpya peke yake haitoshi kila mara kwa mtu ambaye tayari yuko ndani.

Hesabu watumiaji wote, wasimamizi wakiwemo, kwenye dashibodi, kisha hesabu tena kwenye jedwali la `wp_users`. Idadi zikipishana, kuna msimbo unaomficha mtu.

Kuna mlango mwingine ambao wengi wanausahau, nao ni Search Console yenyewe. Mdukuzi akiweza kupakia faili kwenye seva yako, anaweza kujithibitisha kuwa mmiliki wa tovuti mbele ya Google, kisha akawasilisha ramani yake ya tovuti (sitemap, orodha ya anwani za kurasa) ili kurasa taka zisomwe haraka. Fungua orodha ya watumiaji na ufute usiowajua. Lakini ukimfuta mtu na kuiacha alama yake ya uthibitisho, atarudi. Tafuta faili za HTML zinazoanza na neno google kwenye folda kuu, na lebo za uthibitisho ndani ya ukurasa wa mwanzo. Wakati mwingine faili haipo kabisa, ila `.htaccess` au PHP imepangwa kujibu ndiyo kwa kila anayeuliza. Lipime hilo kwa kufungua anwani ya kubuni kama `example.com/google12345.html`. Jibu sahihi ni kwamba ukurasa haupo.

Kama tovuti inawadhuru wageni, iweke kwenye matengenezo kwa jibu la 503 wakati unasafisha. Google huelewa kuwa ni hali ya muda, mradi usiiache hivyo zaidi ya siku chache.

Hatua ya 3: Safisha kwa kubadilisha, si kwa kutibu

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na ushauri wangu ni kutokuwa na huruma na faili. Usihangaike kukwangua mstari mmoja mmoja ndani ya plagini iliyoambukizwa. Futa plagini nzima na uweke mpya kutoka chanzo chake.

Kama una nakala rudufu ya zamani, jua kwanza ni ya kabla ya udukuzi au baada. Search Console inatunza takwimu za utendaji za miezi 16. Chuja kwa anwani za kurasa taka na utazame zilianza kuonekana lini. Mdukuzi aliingia kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo rudi nyuma vya kutosha. Usitegemee tarehe zilizo kwenye faili zenyewe. Kuzighushi ni amri moja tu.

Bila nakala safi, fuata njia hii. Futa folda za `wp-admin` na `wp-includes`, pamoja na faili za PHP za folda kuu isipokuwa `wp-config.php`, na uweke mpya kutoka wordpress.org, toleo la sasa. Futa plagini zote na themu zote, usakinishe upya zile unazozihitaji tu. Themu au plagini ya kulipia uliyoipata bure mahali pasipo rasmi isirudi hata kidogo, kwa kuwa hizo mara nyingi huja na mlango wa nyuma tayari. Vinavyobaki ni `wp-config.php`, ambayo utaisoma mstari kwa mstari, na folda ya `uploads` yenye picha na nyaraka zako.

Kama una WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa terminali, amri hizi zinalinganisha faili zako na za asili:

`wp core verify-checksums`
`wp plugin verify-checksums --all`

Ya pili inazijua plagini za wordpress.org peke yake. Za kulipia utazikagua kwa njia nyingine, au utazisakinisha upya.

Folda ya `uploads` ni ya picha. PHP haina kazi humo:

`find wp-content/uploads -name "*.php"`

Kila faili itakayotokea ifungue. Ukikuta mstari mmoja mrefu wa herufi zisizosomeka, wenye `eval`, `base64_decode` au `gzinflate` mwanzoni, huo ni msimbo uliofunikwa usisomeke. Maneno hayo hutumika kihalali pia, basi yakitokea ndani ya plagini halisi usifute kabla ya kulinganisha na ya asili.

Yapo maficho ambayo skana nyingi huyapita. Folda ya `mu-plugins` huendesha kila kilichomo bila kuwashwa na mtu yeyote. Faili ya `.user.ini` yenye mstari wa `auto_prepend_file` hulazimisha msimbo fulani utangulie kila ukurasa. Faili za `.htaccess` zinaweza kupandwa ndani ya kila folda, si ile kuu tu. Na kuna kazi za ratiba, ndani ya WordPress na kwenye seva kwa `crontab -l`, ambazo hupakua uchafu upya kila baada ya muda. Tovuti inayosafishwa asubuhi na kuchafuka jioni karibu kila mara ina kitu kwenye ratiba, au ina tovuti jirani kwenye akaunti hiyohiyo ya hostingi ambayo haikuguswa. Majirani wote wasafishwe siku moja.

Malizia na hifadhidata. Tafuta `<script`, `display:none` na `-9999px` ndani ya `wp_posts`, halafu kagua `wp_options`, hasa `siteurl`, `home` na maudhui ya wijeti.

Hatua ya 4: Jua aliingilia wapi

Kampuni ya hostingi huwa na kumbukumbu za maombi ya seva. Tafuta maombi ya POST, yaani yale yanayotuma data kwa seva, yaliyokwenda kwenye faili ya ajabu uliyoigundua, kisha fuata anwani ile ya IP kurudi nyuma mpaka ombi lake la kwanza. Mara nyingi utakuta plagini iliyopitwa na wakati. Sasisha kila kitu, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa wasimamizi, zima uhariri wa faili kwenye dashibodi kwa kuweka `DISALLOW_FILE_EDIT` ndani ya `wp-config.php`, na uzuie PHP kufanya kazi ndani ya `uploads`. Kwenye Apache 2.4, weka faili ya `.htaccess` humo yenye maneno haya:

`<FilesMatch "\.(php|phtml|phar)$">`
`Require all denied`
`</FilesMatch>`

Hatua ya 5: Ziache kurasa taka zife, na Google izione zimekufa

Kila anwani taka ijibu 404 au 410. Ya kwanza inasema ukurasa haupo. Ya pili inasema umeondolewa kabisa, na inaweza kuharakisha kidogo, ila zote mbili zinafikisha ujumbe. Kama uchafu ulikaa chini ya folda moja, mstari mmoja wa `.htaccess` unatosha, mradi `RewriteEngine` imewashwa na mstari wenyewe uko juu ya kanuni za WordPress:

`RewriteRule ^folda-taka/ - [G,L]`

Yapo makosa mawili ninayoomba uyaepuke kwa nguvu zote. La kwanza ni kuelekeza kurasa taka zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Inaonekana ni busara, lakini unaifunga historia ya takataka kwenye mlango wako mkuu, na Google nayo huichukulia kama 404 iliyojificha. La pili ni kuzizuia kwa `robots.txt`. Ukiizuia roboti isiingie, haitaona kamwe kuwa kurasa zimefutwa, na anwani zitaendelea kukaa kwenye faharasa, yaani orodha ya Google ya kurasa inazozijua.

Zana ya Removals ndani ya Search Console huficha anwani kwenye matokeo kwa muda wa kama miezi 6. Haifuti kitu. Itumie pale matokeo yanapoaibisha jina lako mbele ya wateja, na uangalie sana unapochagua kuficha kila kinachoanza na anwani fulani. Herufi chache pungufu, umeficha tovuti nzima.

Sasa geukia kurasa zako halali, maana ndizo zenye nafasi unazotaka zirudi. Kagua vichwa, maelezo mafupi, na hasa lebo ya `canonical`, inayoiambia Google anwani ya asili ya ukurasa. Mdukuzi akiielekeza kwenye tovuti yake, Google inaweza kuamini kwamba makala yako ya asili iko kwake. Rudisha viungo vya ndani vilivyong'olewa, safisha `robots.txt`, ondoa ramani za tovuti zisizo zako ndani ya Search Console, na uwasilishe yako yenye kurasa halali na tarehe sahihi za mabadiliko. Kurasa zako kumi au ishirini muhimu zaidi ziombee kusomwa upya, moja moja, kupitia URL Inspection.

Hatua ya 6: Sasa zungumza na Google

Kama ripoti ya Security issues ina onyo, bonyeza kitufe cha kuomba ukaguzi. Kama kuna adhabu kwenye Manual actions, tuma ombi la kufikiriwa upya. Kama ripoti zote mbili ni tupu, hakuna ombi la kutuma, na hakuna wa kulipokea. Unangoja roboti zipite.

Ombi zuri ni fupi na lina ushahidi. Kwa mfano:

"Tovuti yetu ilidukuliwa kupitia plagini ya fomu ambayo haikuwa imesasishwa. Mdukuzi alitengeneza kurasa chini ya /folda-taka/ na kuweka viungo vilivyofichwa kwenye kijachini. Tumesakinisha upya mfumo, plagini na themu, tumefuta milango miwili ya nyuma ndani ya uploads, tumebadilisha nywila zote na kuondoa mtumiaji asiyejulikana kwenye Search Console. Kurasa zote taka sasa zinajibu 410. Mifano mitatu ni hii hapa."

Andika ulichofanya, usilalamike na usibembeleze. Ukaguzi wa tovuti iliyodukuliwa kwa ajili ya viungo taka unaweza kuchukua wiki kadhaa, muda mrefu kuliko ule wa programu hasidi au wizi wa nywila. Kutuma ombi jingine kabla ya kujibiwa hakusaidii.

Vipi kuhusu kukana viungo? Zana hiyo, iliyozinduliwa mwaka 2012, inahusu viungo vinavyoingia kwako kutoka tovuti nyingine. Viungo vilivyopandwa ndani ya tovuti yako vinaondoka kwa kusafisha, si kwa kukana. Ni kweli wadukuzi huzifunga tovuti walizoziteka kwa viungo vya kwenda na kurudi, kwa hiyo utaona maelfu ya viungo vibaya vikikuelekea. Vingi vinaelekea kurasa taka, na ukurasa ukishajibu 404 au 410, kiungo hakina tena pa kufikia. Tangu Septemba 2016, pale mfumo wa Penguin ulipoingizwa ndani ya kanuni kuu za Google, viungo taka hupuuzwa zaidi kuliko kuadhibiwa.

Kwa maoni yangu, acha zana hiyo isipokuwa umepewa adhabu ya viungo visivyo vya asili, au viungo taka vingi vinalenga kurasa zako halali na una sababu ya kuogopa adhabu hiyo. Ukilazimika, tengeneza faili ya maandishi ya UTF-8, kila mstari tovuti moja, kwa muundo wa `domain:example.com`. Soma kila mstari kabla ya kupakia. Wapo waliokata viungo vizuri walivyovipata kwa jasho la miaka, wakishuka zaidi ya pale mdukuzi alipowafikisha.

Hatua ya 7: Fuatilia bila kuvuruga

Kwenye ripoti ya kurasa ya Search Console utaona idadi ya 404 ikipanda sana. Hiyo ni habari njema. Ni kurasa taka zinazosomwa na kuonekana zimekufa. Googlebot inaweza kuendelea kuziulizia kwa miezi mingi, na haina madhara yoyote. Kinachopaswa kupungua ni kurasa taka zilizo ndani ya faharasa, na kinachopaswa kupanda taratibu ni mibofyo ya maneno yako halisi. Utafutaji wa jina lako hutangulia kutengemaa. Maneno yenye ushindani mkali huchelewa.

Katika kipindi hiki usibadilishe muundo wa anwani, usihamie jina jipya la tovuti, usiandike upya vichwa vyote. Ukibadilisha mambo mengi kwa pamoja, nafasi zikicheza hutajua ni kwa sababu ipi. Linganisha pia tarehe zako na dashibodi ya hali ya utafutaji ya Google, ambako masasisho makubwa hutangazwa. Tovuti iliyoshuka wiki ileile ya sasisho inaweza kuwa na matatizo mawili, na kusafisha udukuzi kutatibu moja tu.

Rudia jaribio la curl na utafutaji wa `site:` kila wiki kwa miezi michache ya mwanzo, na uweke programu inayokujulisha faili inapobadilika. Zikizaliwa kurasa taka mpya, usitume ombi jingine Google. Rudi hatua ya 3, na safari hii anza na kazi za ratiba, kisha tovuti jirani, kisha kompyuta za wote wenye nywila ya usimamizi.